Mtoto Akivunja Sahani Hukimbilia Wapi?

Sahani ikivunjika jikoni, mtoto aliyeivunja huwa na sekunde chache za kuamua. Anaweza kuita, "Mama, sahani imevunjika," akasimama palepale pekupeku katikati ya vipande. Anaweza kuvikusanya harakaharaka na kuvifukia kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya ndizi. Anaweza kumsingizia mdogo wake, au paka. Anaweza pia kutoka nje kimya kimya akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni, akitumaini kwamba hadi hapo hasira itakuwa imepoa.

Hakuna mzazi anayemkalisha mtoto chini na kumfundisha achague lipi. Lakini mtoto wa miaka mitano tayari anajua. Ameshaona uso wa mama yake mbele ya uji uliomwagika. Ameshasikia baba akiuliza "Nani kafanya hivi?" na ameshajifunza swali hilo hujibiwaje kwa usalama. Anachofanya katika zile sekunde chache ni muhtasari wa miaka mitano ya kuishi na watu hao.

Tunapotaka kujua kama mtoto fulani amelelewa vizuri, huwa tunaangalia kama anatii. Mimi nataka kutetea kipimo kingine: tuangalie akikosea anakimbilia wapi. Vipimo hivi viwili havileti jibu moja kila mara, na pale vinapotofautiana ndipo lilipo swali la kimaadili ambalo wengi wetu tumelikwepa. Je, utii uliopatikana kwa woga ni malezi mema?

*

Kipimo cha utii tunakifahamu vizuri. "Mtoto wa fulani ana adabu kweli, hata humsikii." Tumeisema sentensi hii mara nyingi kiasi kwamba hatuisikii tena. Tunamsifu mtoto kwa kutokusikika.

Katika nyumba nyingi nilizowahi kuishi au kutembelea, kuna dakika moja ya jioni ambayo nyumba nzima hubadilika. Mlio wa pikipiki unasikika nje, mmoja anasema "Baba huyo," na mara televisheni inazimwa, madaftari yanafunguliwa, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi anakaa wima. Baba anaingia, anapokea shikamoo nne mfululizo, anaitikia marahaba, na anaikuta nyumba yenye nidhamu. Yeye anaona heshima. Kilichokuwepo dakika mbili kabla hajafika hakijui, na huenda asikijue maisha yake yote: jinsi mtoto wake wa pili anavyoiga sauti za watangazaji wa mpira mpaka wenzake wanashika mbavu, jinsi binti yake anavyoisimulia tamthilia ya jana kwa mikono na macho. Watoto wake wanachekesha, na yeye hajawahi kuwasikia.

Kiswahili kina neno heshima, kina neno woga, na kina neno la tatu, kicho, ambamo mawili hayo ya kwanza hukutana na kuchanganyika. Tatizo la nyumba nyingi liko hapo kwenye kuchanganyika. Kwa nje heshima na woga vinafanana: mtoto ananyamaza, anainamisha macho, anafanya alichoambiwa. Tofauti inaonekana mkubwa anapoondoka. Mwenye heshima anaendelea kuwa yuleyule. Mwenye woga anaanza kuwa mtu mwingine, na kadiri miaka inavyokwenda, yule mtu mwingine ndiye anakuwa yeye halisi.

*

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikaa chumba kimoja na kijana ambaye kwao alikuwa mfano. Mtoto wa kwanza, hakuwahi kurudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu, hakuwahi kumjibu mzazi vibaya. Wadogo zake walitajiwa jina lake kila walipovurunda. Mwishoni mwa mwaka ule alidisko. Mitihani mitatu ilimshinda, na ya marudio nayo ikamshinda.

Hakuwaambia wazazi. Alihama hosteli, akapanga chumba mtaani na vijana wawili, akawa anauza kava na chaja za simu. Simu kutoka nyumbani ikiita, alitafuta mahali palipotulia, akasema yuko maktaba. Wakimuuliza masomo, alisema yanakwenda vizuri, Mungu anasaidia. Aliishi hivyo zaidi ya mwaka mmoja, mpaka familia ilipoanza kujiandaa kwa mahafali. Mama alishanunua kitenge cha sare. Ndugu walishaanza kuchangishana fedha za kukodi Kosta. Zikiwa zimebaki wiki mbili, akampigia simu shangazi yake, na shangazi ndiye aliyekwenda kuwaambia.

Baba yake, kwa alivyonisimulia, hakufoka. Hakunyanyua mkono wala sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia?"

Nilimuuliza rafiki yangu alijibu nini. Akasema hakujibu. Kisha akaniambia kwamba usiku ule, amelala sebuleni kwao, alijaribu kukumbuka siku moja tu tangu utotoni ambayo aliwahi kumpelekea baba yake habari mbaya kwa mdomo wake mwenyewe. Akaikosa.

Ni rahisi kumfanya baba huyu kuwa mtu katili, nasi tukaendelea na safari. Hakuwa hivyo. Ni mtu aliyeuza kiwanja ili kijana asome. Upendo haukukosekana katika nyumba ile. Kilichokosekana ni njia ya kuufikia ukiwa umekosea. Mtoto alijua kwa hakika kwamba baba yake angekufa kwa ajili yake, na alijua kwa hakika ileile kwamba hawezi kumwambia amefeli.

*

Nadharia inayolieleza jambo hili vizuri zaidi, kati ya zile ninazozifahamu, ina mizizi karibu nasi kuliko wengi wetu tunavyofundishwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia Kanada, alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi huko. Kabla ya hapo alikuwa London akifanya kazi na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwaka 1951 ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani iliushtua ulimwengu kwa hoja kwamba mtoto huhitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mlezi wake kama anavyohitaji chakula. Ainsworth akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Alikuwa na mkalimani, alikaa na akina mama majumbani mwao, akatazama watoto wachanga wanavyolia, wanavyonyonya, wanavyotambaa. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na kazi aliyoifanya baadaye Baltimore, ambayo ndiyo hutajwa zaidi vyuoni, ilijengwa juu ya yale aliyoyaona Buganda.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto akishajua kutambaa hambandi mama yake muda wote. Anajiondoa, anakwenda kugusa kikapu, anachungulia mlangoni, anamfuata kuku. Kisha anageuka nyuma kuangalia kama mama bado yupo. Akiona yupo, anasonga mbele zaidi. Akija mgeni, au akianguka, anarudi mbio. Mama alikuwa kwake kama bandari kwa jahazi: mahali pa kutokea na mahali pa kurudi.

Hapo pana jambo linalopingana na hofu ya wazazi wengi. Tunadhani mtoto akizoeshwa kupokelewa ataganda, atadeka, hatajitegemea. Aliyoyaona Ainsworth yanaelekea upande mwingine. Mtoto mwenye uhakika wa pa kurudi ndiye anayethubutu kwenda mbali. Yule asiye na uhakika ama anang'ang'ania kanga ya mama, ama anajifunza mapema kutomhitaji mtu, na hilo la pili kwa macho ya watu wazima linafanana sana na ukomavu.

Kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo kila nikilifikiria linanirudisha kwa yule baba wa pikipiki. Ainsworth aligundua kwamba akina mama walioweza kumweleza habari za mtoto kwa undani, anapenda nini, hulia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, ndio ambao watoto wao walielekea kuwa na utulivu na uhakika zaidi. Kumjua mtoto na mtoto kujihisi salama vilikwenda pamoja. Woga unakata kamba hiyo. Mtoto anayekuogopa hakuonyeshi vitu vyake, nawe usipoonyeshwa hujui, na usipojua utamlea mtoto uliyemtunga kichwani mwako wakati yule wa kweli anakua chumba cha pili.

*

Najua pingamizi linalokuja hapa, kwa sababu nimelisikia kwenye semina na nimelisikia kibarazani. Hizi ni habari za Wazungu. Sisi hatuambiani "nakupenda" kila asubuhi, hatuwakumbatii watoto mbele ya wageni, na watoto wetu wanakuwa watu.

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na watafiti wenyewe wamelikuta. Robert LeVine na wenzake walifanya utafiti wa miaka mingi miongoni mwa Wagusii wa Kenya. Waliona kwamba akina mama wa Kigusii walizungumza na watoto wachanga kidogo, na hawakukodoleana nao macho wala kuchezesha nyuso kama walivyofanya akina mama wa tabaka la kati kule Boston. Mtafiti mwenye haraka angeandika kwamba hapa mapenzi ni haba. Lakini walimbeba mtoto, walilala naye, na alipolia waliitikia upesi. Kwa mama yule, malezi mema ya mtoto mchanga yalikuwa kuhakikisha ametulia na yuko salama. Lugha ilikuwa tofauti, na mtoto aliielewa.

Kwa hiyo sidai kwamba tuanze kuongea na watoto kama wazazi wa kwenye filamu. Mtoto haulizi kama umesema "nakupenda." Anauliza kitu cha chini zaidi ya hapo: nikilia, kuna mtu atakuja? Na akishakua kidogo swali linabadilika: nikikosea, bado nina pa kurudi? Maswali hayo yanaweza kujibiwa kwa Kigusii, kwa Kiswahili, kwa mgongo na mbeleko, kwa bakuli la uji. Ila hayawezi kuachwa bila jibu, maana ukimya nao mtoto anausoma kama jibu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu? Hapa takwimu zina la kusema. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 75 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Hawakuona ushahidi kwamba watoto wanaochapwa makofi na wazazi wao hutii zaidi. Waliona badala yake kwamba kuchapwa kuliambatana na matatizo zaidi ya tabia, ya hisia, na ya uhusiano wa mtoto na mzazi wake. Tafiti za namna hii zinaonyesha vitu vinavyoandamana, na si rahisi kuthibitisha kipi kimezaa kipi. Lakini anayesema kiboko kinafanya kazi ndiye anayedaiwa ushahidi.

Hata hivyo takwimu hazimgusi mtu anayejitazama mwenyewe na kuona amesoma, ana kazi, anaogopa Mungu. Kumwambia mtu huyo kwamba ameharibika ni kumtukana yeye na wazazi wake kwa pamoja, wala sidhani ni kweli. Ninadhani kuna kitu kingine kilichomlea, ambacho hakihesabu kwa sababu hakikuwa na sauti ya kiboko.

*

Nilikaa kwa bibi yangu Muheza kwa miaka minne, na mjomba alikuwa nyumba ya pili. Mjomba alikuwa na fimbo ya mpera juu ya kabati, na kila mtoto alijua urefu wake. Siku moja binamu yangu alivamia machungwa ya jirani pamoja na wenzake, wakaonekana. Mjomba alipokuja na fimbo, binamu alishafika nyuma ya bibi, ameshika kanga kwa mikono miwili. Bibi hakubishana. Alisema tu, "Mwache mume wangu ale kwanza, utamchapa kesho." Kesho hiyo haikufika.

Lakini haikuishia hapo pia. Baada ya kula bibi alimkalisha pembeni ya jiko. "Haya niambie, mlikuwa wangapi?" Binamu akasema yote, mpaka aliyepanda mti na aliyeshika gunia, mambo ambayo mjomba asingeyapata kwa fimbo kumi. Asubuhi bibi akamshika mkono wakaenda kwa jirani. Binamu akaomba radhi, akapewa jembe, akapalilia mistari miwili ya mihogo. Alirudi na malengelenge, na sijawahi kusikia kwamba aliiba tena.

Sisi watu wa pwani na wa bara tunaujua utani wa bibi na mjukuu: anakuita mume wangu, anakuita mke mwenzangu, unamjibu, mnacheka. Binti anayevunja ungo hupelekwa kwa somo, kwa kungwi, au kwa shangazi, kwa sababu kuna maneno ambayo mama na bintiye wanaoneana haya kuyasema. Kuna mjomba wa kukuombea kwa baba, kuna shangazi wa kupeleka habari za mahafali yasiyokuwepo. Watu hawa tumezoea kuwaona kama mapambo ya ukoo. Walikuwa mlango wa pili. Wazee wetu walimpa baba kicho, na papo hapo wakahakikisha kwamba mtoto aliyefungiwa mlango wa mbele ana wa nyuma.

Familia yetu ya leo imepanga vyumba viwili Mbagala au Kayole. Bibi yuko kijijini na anasalimiwa kwa simu Jumapili. Shangazi ana pilikapilika zake mkoa mwingine. Mtoto yuko na wazazi wawili, mara nyingi mmoja, na dada wa kazi anayebadilika kila baada ya miezi sita. Tumehamia mjini na fimbo, tumemwacha bibi nyuma. Kwa hiyo anayesema "mbona sisi tulichapwa" analinganisha nyumba mbili zisizolingana. Yeye alichapwa katika nyumba yenye milango miwili. Mwanawe anachapwa katika nyumba yenye mlango mmoja, na aliyesimama mlangoni ndiye mwenye fimbo.

*

Mwaka 1693 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha kitabu cha mawazo yake kuhusu malezi. Hakupenda viboko. Aliona nidhamu ya kitumwa inazaa tabia ya kitumwa. Lakini alishauri kwamba mtoto akiwa mdogo mzazi amtawale kwanza kwa kicho, kisha mapenzi na urafiki vichukue nafasi akishakua. Wazazi wengi wa kwetu hawajamsoma Locke na wanafuata ushauri huohuo. Kaza sasa, tutakuwa marafiki baadaye.

Shida ya mpango huu ni kwamba mambo ambayo mtoto anahitaji sana kuyasema hayangoji baadaye. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na ripoti yake ikatoka mwaka 2011. Walihojiwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya waliofanyiwa, takribani nusu tu ya wasichana na theluthi ya wavulana ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote.

Ukimya huo una sababu nyingi. Kuna aibu, kuna vitisho, kuna kutokuaminiwa. Lakini fikiria mtoto wa miaka tisa ambaye kila alipoleta habari mbaya nyumbani, yeye mwenyewe ndiye aliyeadhibiwa. Kalamu imepotea, kachapwa. Kapigwa na mwenzake, kaulizwa "na wewe ulimfanya nini?" Siku mtu mzima anapomgusa pasipostahili na kumwambia asiseme, mtu huyo hahitaji kumtisha sana. Kazi kubwa ameshafanyiwa. Sisemi kwamba mzazi mkali ana hatia ya kosa la mhalifu; hatia ni ya mhalifu peke yake. Ninasema kwamba mtoto anayejua kunyamaza mbele ya mkubwa hachagui ni mkubwa yupi.

Kwa sababu hiyo siamini tena kwamba swali la woga nyumbani ni suala la ladha, kwamba kila mzazi ana staili yake. Sheria zenyewe zimegawanyika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza adhabu iliyopita kiasi, maana yake kiasi chenyewe kimeachwa mikononi mwa mzazi. Lakini hata sheria ikipiga marufuku fimbo kesho, haiwezi kupiga marufuku uso. Kuna nyumba zisizo na kiboko ambamo mtoto hathubutu kusema amefeli, na kipimo changu kinazihusu nazo.

*

Ni haki kuwauliza wazazi haya yote? Mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua, akafika kibandani kabla ya alfajiri na kurudi giza limeingia, unamwambia nini kuhusu kituo salama? Bowlby mwenyewe alilaumiwa kwamba nadharia yake iligeuzwa rungu la kuwapigia akina mama wanaofanya kazi. Na baba wa rafiki yangu alijifunza wapi kupokea habari mbaya, naye alilelewa na mtu aliyemfundisha kuzificha? Mzazi hakuchagua malezi aliyopewa, na anachompa mtoto mara nyingi ni kile kilichokuwemo mkononi mwake.

Nadhani hili linapunguza lawama na haliondoi wajibu. Ukirithi nyumba yenye paa linalovuja, hukulitoboa wewe, lakini wanaolowa ni wanao. Tena kinachodaiwa hapa hakihitaji saa nyingi wala fedha. Mama wa vitumbua anaweza kuwa na dakika kumi tu kwa siku na mwanawe akamkimbilia katika dakika hizo. Kuna wazazi wanaoshinda nyumbani na hakuna anayewakimbilia.

Wala sitetei nyumba isiyo na makatazo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami ninawaamini. Mtoto anahitaji kuambiwa hapana, na hapana hiyo isimame. Lakini methali ile inamzungumzia mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe, haijasema tuyatafute. Bibi yangu hakumchelea binamu kulia. Alimpeleka kupalilia shamba la aliyemkosea, adhabu nzito kuliko viboko vitatu na yenye maana zaidi. Tofauti ni kwamba alimpokea kwanza, akamsikiliza, kisha akamrudi. Mpangilio ule ndio uliofanya adhabu iwe somo.

Wahenga haohao walisema mtoto akikunyea mkono huukati. Unaunawa. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alifanya jaribio ambalo sasa linafahamika sana: mama anacheza na mtoto wake mchanga, kisha kwa dakika chache anaukausha uso, hacheki wala haitikii. Mtoto anajaribu kila njia kumrudisha, anatabasamu, ananyoosha mikono, mwishowe anageuza uso. Lakini kazi za Tronick zilionyesha pia kwamba hata mama na mtoto wenye uhusiano mzuri hupishana mara kwa mara, na kinachomjenga mtoto ni kuona kwamba kilichoharibika kinarekebishika. Mzazi hatakiwi kutokosea. Anatakiwa kurudi.

Na hapa ndipo sisi tuna kazi. Katika nyumba zetu neno "nisamehe" hupanda tu. Linatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mzazi aliyekuchapa kwa kosa la mwenzako, ukweli ukajulikana jioni, hasemi kitu. Anakuita, "Njoo ule," na kwenye sahani yako kuna firigisi ambayo siku zote ni ya baba. Wengi wetu tumekua tukiombwa radhi kwa firigisi, na tuliielewa. Ni lugha, sitaki kuidharau. Lakini firigisi haisemi kosa lilikuwa la nani. Mtoto anakula huku akijua kwamba amependwa, na bado hajui kama alikuwa na haki. Maneno matatu, "Nilikosea, nisamehe mwanangu," yangempa vyote viwili, na yangemwonyesha kwa mfano jinsi mtu anavyokiri kosa na kubaki na heshima yake. Tunawadai watoto wakiri makosa ilhali hawajawahi kumwona mtu mzima akifanya hivyo.

Rafiki yangu sasa anasoma stashahada ya ufundi, anajilipia kwa biashara yake ya chaja. Yeye na baba yake wanaongea zaidi kuliko zamani, ingawa kwa tahadhari, kama watu wanaojifunza lugha ukubwani. Swali alilouliza mzee yule usiku ule lilikuwa swali zuri, na sina shaka aliliuliza kwa moyo. Linafaa tu kuulizwa mapema zaidi, kwa sauti ya chini, wakati mtoto ana miaka saba, ameficha chini ya godoro daftari lenye alama mbaya, na bado anaweza kulijibu.